Siku ya Arobaini Yako Sikutania

Mtani wangu Mbaraka,

Kwenye darasa la kisomo mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya unayemwandikia, kisha ndipo unaeleza yako. Sasa wewe nikuulize nini? Hali yako naijua, udongo niliuona. Yangu ni hii: nipo Mabwerebwere hapa Kilosa, chumba kile kile, ni Jumapili mchana, mvua imekatika tangu juzi, redio ya jirani inapiga kelele, na mimi nimekaa kitandani na daftari juu ya sanduku la spana. Sijambo. Yaani nakula, nalala, naenda karakana, narudi. Lakini sina wa kumwambia neno, na neno ninalo.

Neno lenyewe nilitangulize, maana nakujua, barua ikipita ukurasa mmoja ulikuwa unasinzia. Nataka mkeo ajue kwamba hukufikishwa hospitali kwa sababu yangu mimi, si kwa sababu ya mvua. Nimeshamwambia. Nilimwambia kwa sauti, mbele ya watu, siku ya arobaini yako. Hakuniamini. Walicheka wote, na yeye alicheka.

Basi kaa nikueleze, kwa sababu kuna mambo uliondoka hujayajua.

Unalikumbuka dude letu. Mashamba ya mkonge ya Kimamba yalipochukuliwa na serikali, ulitumwa kutengeneza pampu kwenye shamba moja, ukaona nyuma ya stoo lori la zamani la jeshi limeota majani hadi kwenye usukani. Mtu mwingine angeona vyuma chakavu. Wewe ukajitia chini yake na shati lako la Ijumaa, ukatoka na utando wa buibui kichwani, unacheka peke yako. "Mtani, difu ya mbele ya hili gari ina kifungio!" Nikakuuliza kifungio cha nini, cha choo?

Ukanieleza kwa subira, ukichora chini kwa kijiti. Lori letu la karakana linavuta kwa magurudumu yote manne, ndiyo, lakini difu yake ya mbele, kile kinu cha meno kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili, iko wazi. Gurudumu moja la mbele likiingia kwenye tope linazunguka bure, nguvu yote inakimbilia huko huko, na lenzake lililoko pagumu linasimama linatazama tu. Ukiwa na kifungio, unavuta mkono mmoja wa chuma ndani ya kibini cha dereva, difu inajifunga, magurudumu yote mawili yanalazimika kuvuta pamoja. "Hapo hata masika haitusumbui," ulisema. Nilielewa vizuri sana, Mbaraka. Usidhani sikuelewa. Nilijifanya mjinga kwa sababu nilipenda kukuona unaeleza.

Tuliifungua kwa siku mbili. Halafu tukaipakia kwenye baiskeli, tena yangu, maana yako ulidai ina breki mbovu. Spoki saba zilikatika kabla hatujafika Kilosa. Nikalalamika, ukaniambia, "Mnyamwezi halalamikii mzigo. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe unashindwa na difu?" Nikakujibu kwamba sisi angalau tulitembea tukaona dunia, nyinyi Wasagara mnalima mlimani ili mkichoka muegemee shamba. Yule mama wa vitumbua njiani alidhani tunagombana, akatusihi tusipigane. Ukamwambia, "Mama, huyu ni mtani wangu, nikifa ndiye atakayevaa nguo zangu." Akacheka akatupa kitumbua kimoja kimoja. Mimi wakati ule sikuyatia maanani maneno hayo, nilikuwa nahesabu spoki.

Dude likakaa ndani ya gunia chini ya benchi la karakana, masika ya kwanza, na masika ya pili ikakaribia. Leo kazi, kesho kazi. Mwisho ukaenda mwenyewe kwa mkuu wa karakana ukamwomba lori tulishike Jumapili moja, siku nzima. Akakubali. Ukaniambia Alhamisi, ukarudia Ijumaa, na Jumamosi ukaja mpaka hapa mlangoni: "Mtani, kesho saa moja asubuhi. Hii kazi haifanyiki na mtu mmoja." Nikasema, "Saa moja nitakuwa nimekwisha kunywa chai."

Saa moja nilikuwa juu ya baiskeli naelekea Kimamba kutazama mpira.

Sina la kujitetea. Sikuwa mgonjwa, sikufiwa, sikuitwa na mtu. Niliamka, nikaona anga ni nzuri, nikafikiri habari ya kulala chini ya lori siku nzima na oili ikinidondokea masikioni, nikaona uvivu. Nilirudi jua linazama, nikapita karakana. Ulikuwa umeinua mbele ya lori peke yako, umelitegemeza juu ya magogo, umetoa magurudumu, umefungua habu zote mbili, shafti umezivuta nje na kuzilaza juu ya turubai, safi, zimefutwa. Ulifika pale ambapo lazima mmoja awe chini anapokea na mwingine awe juu analegeza. Ukakaa kunisubiri. Nilipofika ulikuwa umekwisha kuyarudisha yote, unakaza nati za gurudumu la mwisho, kwa sababu Jumatatu asubuhi lori lilikuwa na safari.

Nikasema, "Nilikuwa nakutania, mtani. Ulidhani kweli nitaacha mpira kwa ajili ya kinu chako?"

Ulinitazama. Ulifuta mikono kwa lile tambara, kidole kimoja kimoja. Kisha ukacheka. Ungefanya nini? Mtani hana ruhusa ya kununa. Mtu mwingine angenitukana, angenipiga hata kofi, na mimi ningestahili. Nilijua hilo nilipofungua mdomo, Mbaraka. Nilijua kwamba nikisema ni utani, umekwisha kunifungulia mlango. Nikapita.

Wiki ile ile ukachukua likizo ukaenda Kisanga. Watu wenu walikuwa wamekwisha kushushwa kutoka vilimani, mkeo alihamishwa na sufuria zake na kuku wake mpaka kwenye kijiji kipya, akaonyeshwa kiwanja kwenye mstari, na nyumba ilikuwa bado miti mitupu. Mimi na lori tukapelekwa Mikumi kusomba saruji na mabati ya shule. Hatukuagana sawasawa. Nilikupungia mkono huku nakupigia honi kukukera.

Aliyeleta habari alikuja kwa baiskeli, matope mpaka kwapani. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Akasema, "Maganga, mtani wako tumbo limemshika tangu jana, upande wa kulia, gumu, hawezi kunyoosha mguu. Zahanati wamesema apelekwe akapasuliwe. Wanakungoja wewe." Nilimwaga saruji pale pale barabarani, sikusubiri mtu aniruhusu. Nikaondoka na lori tupu, na lori tupu ni jepesi, linateleza.

Unalijua lile bonde la udongo mweusi kabla ya kuanza kupanda kwenda kwenu. Nilifika saa saba. Niliingia kwa gia ya pili, taratibu, vile ulivyonifundisha. Katikati, upande wa kushoto ukazama. Nikaweka magurudumu yote yavute. Nyuma yalikuwa yamekwisha kujichimbia. Mbele, gurudumu la kushoto likaanza kuzunguka kama pangaboi, linarusha tope mpaka kwenye kioo, na la kulia, lililokuwa juu ya mzizi mgumu kabisa, mkavu, halikusogea hata inchi moja. Nilishuka nikalitazama. Nilisimama pale kwenye mvua nalitazama lile gurudumu, nikajua.

Nilichimba. Nilikata matawi. Nilitandika turubai, nikatandika mkeka wa kulalia, nikatandika koti langu. Wakapita wafugaji wawili na ng'ombe wao, wakaacha ng'ombe na kijana wao, wakanisaidia kubeba mawe mpaka giza. Mmoja wao, mrefu, aliinama akaangalia chini ya lori, akaniambia, "Gari lako lina miguu minne, lakini wa mbele mmoja unachapa kazi na mwingine umelala. Kwa nini huuamshi?" Nikasema tu, "Ndugu, lete jiwe lingine."

Nilitoka mle Jumatano saa tisa mchana, tulipokwisha kuwa watu wanane. Kisanga nilifika saa kumi. Niliona watu wamekaa chini kwenye kiwanja chako, wanaume huku, wanawake kule, hakuna anayenyanyuka kunilaki. Ulikufa alfajiri. Walikuzika saa nne asubuhi, kabla mvua haijajaza kaburi.

Mama yako alinishika mkono. Nilimwambia shikamoo. Akasema, "Marahaba baba. Amezikwa kimya. Tulimngoja mtani, hakufika." Hilo tu. Na wewe unajua maana yake. Mimi ndiye nilitakiwa nirukie kaburini nikatae usifukiwe, nikuite mvivu, niwanyang'anye jembe, niwafanye watu wacheke ili wapate pumzi ya kulia. Msagara kuzikwa bila mtani ni kama maiti ya mpita njia. Nilikosa kukuleta hospitali nikakosa na kukuzika, vyote kwenye tope lile lile.

Nilimuuliza yule mganga wa zahanati pembeni. Akasema tumbo la namna ile mtu akiwahi kupasuliwa siku ya pili hupona, wengi hupona. Hakujua ananiambia nini, maskini. Alidhani ananifariji kwamba hukulogwa.

Nikarudi Kilosa. Jumapili ya kwanza nikavuta gunia chini ya benchi.

Acha nikueleze kazi ilivyokwenda, utapenda. Nililiinua lori kwa jeki mbili nikalitegemeza kwa magogo yako yale yale. Habu, shafti, vyote nikavitoa. Nikafungua propela, ule mhimili unaoleta nguvu kutoka kwenye gia. Kuishusha difu ya zamani nilifunga kamba kwenye kenchi la paa la banda, nikaishusha taratibu huku nimejilaza, kifuani nimeweka gunia la pumba. Ilinitua kifuani kweli. Nikakaa nayo pale, siwezi kuisukuma wala kuinuka, nikasema kwa sauti, "Shika hapo." Mbaraka, nilisema "shika hapo" mara tatu. Kwa miaka minane nilikuwa nikisema shika hapo, mkono unatokea. Nilikaa chini ya lile dude nikalia kama mtoto, oili inaingia machoni, nashukuru ilikuwa Jumapili hakuna mtu.

Kazi iliyotakiwa Jumapili moja ya watu wawili ilinichukua Jumapili tatu. Kupanga meno ndiko kulikonitoa jasho. Nilipaka rangi nyekundu kwenye jino la gurudumu kubwa la ndani ya difu, nikazungusha, nikaangalia doa limegusa wapi. Limegusa ukingoni. Nikafungua, nikaongeza kisahani chembamba nyuma ya beringi, nikafunga, nikazungusha. Limegusa ukingo wa pili. Wewe ulikuwa unasikiliza kwa sikio ukajua. Mimi nilifungua mara saba ndipo doa likakaa katikati.

Na bado nikakosea. Springi inayosukuma kifungio nilikuwa nimeiweka upande sio, kwa hiyo difu ikawa imefungwa saa zote, nivute mkono nisivute. Wewe ungeniuliza, "Umelijaribu likiwa hewani?" Kabla gurudumu halijagusa ardhi ulikuwa unazungusha moja kwa mkono: likizunguka na lenzake likarudi kinyume, difu iko wazi; yakienda pamoja, imefungwa. Jambo la dakika moja. Mimi nikateremsha lori nikaingia barabarani kwa majivuno. Kona ya kwanza, usukani ukakataa. Nakata kushoto, lori linakwenda moja kwa moja kama lina shughuli zake, mpaka kwenye banda la seremala, nikamwangushia kitanda alichokuwa amekiweka nje. Akatoka na randa mkononi: "Maganga, asubuhi yote hii umelewa?" Nikamwambia silewi, nimefiwa. Akanisaidia kulisukuma nyuma, wala hakuniuliza habari ya kitanda.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyoniambia siku ile ya kijiti: "Difu ya mbele ukiifunga usikate kona. Unafunga kwenye tope, unatoka, unafungua." Nikavua vyote upya. Springi nikaigeuza. Safari hii nilijaribu hewani.

Nikasafiri kuja arobaini. Mkuu wa karakana alinipa lori na magunia ya mbegu ya kijiji ili safari iwe na maana. Mvua ilikuwa bado ipo. Nikafika kwenye bonde lile, tope limejaa kuliko ile siku, magari mawili yamegeuzia pale. Nikasimama. Nikawasha sigara. Nikavuta mkono wa kifungio, nikasikia imeingia, tak. Gia ya kwanza. Mbaraka, lilipita. Lilitetemeka kidogo katikati, gurudumu la kushoto likazama vile vile pale pale, la kulia likashika, likavuta, likatoka. Sigara niliyoiwasha upande wa huku ilikuwa bado ndefu nilipofika upande wa pili.

Ningefurahi. Fundi yeyote angefurahi. Mimi nilizima injini nikashuka nikakaa juu ya ubao wa mlango. Mpaka dakika ile nilikuwa na kitu cha kushikilia. Nilikuwa najiambia, huenda hata kifungio kisingesaidia, lile bonde ni baya, hakuna gari linalopita. Sasa nimekwisha kupita. Ile Jumanne ningekuwa mlangoni kwako saa nane mchana. Kufika jioni ungekuwa umelala kwenye kitanda cha hospitali, unamsumbua muuguzi. Sigara nusu, Mbaraka. Kwa ajili ya mpira ambao hata sikumbuki nani alishinda.

Pale pale nikaamua kwamba nitamwambia mkeo, siku hiyo hiyo.

Lakini nilikuja kama nani? Kama mtani. Overoli yako ilikuwa imebaki msumarini karakana, niliichukua, na kwa desturi ilibidi niingie kiwanjani nimeivaa. Nikaivaa. Penseli sikioni, mguu wa kushoto nauburuza kidogo, naguna kabla ya kusema. Watu walipolisikia lile guno wakaangua kicheko. Nikaingia jikoni kwa wanawake nikadai chai ya sukari vijiko vinne, na sukari yenyewe haionekani mwezi wa pili huu. Mama yako alijipiga mapajani, "Ndiye! Ndiye huyo huyo mwanangu!" Nikalala chini ya mkokoteni wa jirani nikajifanya natengeneza. Nikawaambia umenituma, huko ulikokwenda magari yote ni mabovu na malaika hawajui hata kushika spana. Nilifanya yote niliyokosa siku ya maziko. Walikuwa wanalia na kucheka, ndivyo inavyotakiwa.

Kisha nikatoka chini ya mkokoteni. Nikamtazama mkeo Mama Zuhura amekaa na eda yake, mwembamba, kanga imempwaya. Nikasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyemuua mume wako."

Kicheko, Mbaraka. Kicheko ambacho sijapata kukisikia maishani.

Nikasema, "Sikilizeni. Alinisubiri Jumapili nzima tufunge difu, mimi nikaenda kutazama mpira. Lori lingepita. Leo limepita." Mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Mtani kamuua mtani! Apewe kuku!" Mwanamke mmoja akanimwagia unga kichwani. Nikasema, "Sitanii!" Ndio nikaharibu kabisa, kwani mtani gani asiyesema hatanii? Wakashikana mabega kwa kucheka. Wakajipanga kuninyooshea vidole, "Muuaji! Muuaji huyo!" watoto wanaimba. Nikamtazama mkeo. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Akaiteremsha kanga. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Mama yako akaninong'oneza, "Mungu akubariki baba. Huyu tangu siku ile hajaonyesha jino."

Ningefanya nini? Ningemkamata mabega nimwambie acha kucheka? Nilisimama na unga machoni, ndani ya overoli yako. Nikachukua kuku wao. Nikacheza.

Tangu hapo nimekuwa maarufu. Wanasema mtani wa Mbaraka ni hodari, wengine wananiomba nikasimamie misiba yao. Lori linasifiwa. Juzi limemtoa mama mjamzito Kisanga, bonde limejaa, akafika salama, akajifungua. Mkuu wa karakana akanishika mkono mbele ya mafundi wote. Nikasema ni kazi ya Mbaraka. Wakasema, "Unaona unyenyekevu wake." Hakuna ninachosema siku hizi kikaingia kwenye masikio ya watu kama nilivyokisema. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unajua nikitania na nisipotania, ulikuwa unatazama mikono yangu. Mchana nakula peke yangu kwenye lile benchi. Wananiita nikakae nao, nakwenda, wanangoja niwachekeshe.

Naogopa, mtani. Nikikaa kimya, siri hii ni tamu, hakuna anayeijua, na kwako Kisanga nina sahani yangu na kigoda changu. Mama yako ananiita mwanawe. Mimi hapa Kilosa sina mtu, baba alikuja kukata mkonge akafa Kimamba, ndugu wako mbali Tabora huko, siwajui sura. Nyumba yenu ndiyo niliyo nayo. Nikimwambia Mama Zuhura akaelewa, anaweza kunifungia mlango, na atakuwa na haki. Lakini kile kicheko nilikiiba. Alicheka akidhani nampa zawadi. Siku ile ya Jumapili na wewe ulicheka hivyo hivyo, kwa sababu nilikunyima ruhusa ya kukasirika. Siwezi kuwafanyia hivyo watu wawili wa nyumba moja.

Kwa hiyo nimeamua, na naliandika ili nisije nikalikimbia. Jumamosi lori linakwenda Kisanga. Overoli yako nimeifua, nimeikunja, nitampa mama yako, sitaivaa tena. Nitavaa shati jeupe na suruali yangu ya kwendea ofisini. Nitaegesha mbali, sitapiga honi. Nitasimama nje nibishe hodi mpaka niitikiwe, nitaingia kama mgeni, na mama yako nitamwomba akae. Nitamwita mkeo kwa jina lake alilopewa na baba yake, si shemeji wala si mtani, ajue limekuja jambo. Nitaongea polepole. Nitamweleza habari ya mpira, na magogo, na shafti ulizozilaza kwenye turubai, na sigara. Akinyamaza nitanyamaza. Akinitukana nitapokea. Akisema nisikanyage tena pale, nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamwachie yale mabati ya nyumba yako niliyokwisha kuyapata, wayaezeke wenyewe.

Nakuaga hapa. Karatasi imebaki kipande na mkono umechoka, haukuzoea kalamu. Pumzika, ndugu yangu. Nikimaliza nitapita kaburini kukupa majibu yoyote nitakayopewa, hata yakiwa mabaya. Ninachokuomba ni kimoja tu. Nimemwomba kila mtu nikakosa, labda wewe utanipa. Jumamosi, nitakapokuwa nasema mbele ya mkeo, huko uliko usinicheke.

Ni mimi,
Maganga